Lini Uliniuliza?

Jina la Vidole alibandikwa na watoto wenzake wa mtaani kabla hajang'oka meno ya utoto, na likamganda mpaka leo, mwanamke mzima mwenye mume, watoto wawili na mvi za kwanza anazozificha kwa kitambaa. Walimwita hivyo kwa sababu walimwona akiongea na wazazi wake kwa mikono. Baba yake alikuwa kiziwi, mama yake kiziwi, na yeye, mtoto wao wa pekee, alizaliwa masikio yake yakiwa mazima. Wengine walidhani jina lile ni la kumchokoza. Yeye hakuliona hivyo hata siku moja. "Bora Vidole," alizoea kusema, "kuliko yule jirani yetu waliyemwita Kamasi, na leo ni meneja wa benki."

Kazi ya ukalimani hakuanza kwa kuisomea. Aliikuta nyumbani, imekaa sebuleni inamngoja. Alikuwa bado hajui kufunga kamba za viatu vyake lakini tayari anasimamishwa mbele ya kaunta, kidevu hakifiki juu, watu wazima wanamwinamia: mwambie mama yako asaini hapa, mwambie baba yako daktari anasema apunguze chumvi, mwambie mama yako gauni la mteja limebana kwapani. Alipokua akaenda chuo, akapata cheti, akawa mkalimani wa lugha ya alama kamili kabisa, wa kuitwa mahakamani, hospitalini, mikutanoni na hata harusini.

Kazi hiyo ina kanuni moja inayozidi nyingine zote. Mkalimani akiwa kazini hana lake. Anayezungumza akisema "mimi," mkalimani naye anasema "mimi." Mshtakiwa akisema "mimi sikuiba," Vidole anasema "mimi sikuiba," tena kwa uso wa mtu ambaye kweli hakuiba. Ndiyo maana kuna siku alifukuzwa kazi asubuhi, akaachwa na mke mchana, akachaguliwa mweka hazina jioni, kisha akarudi nyumbani kupika kama kawaida. Mumewe, fundi wa mafriji, mtu mpole asiye na haraka, alikuwa akimfungulia mlango na kumwuliza, "Leo nani kaja? Mke wangu au mshtakiwa?"

Mama yake aliishi nao. Baba alipofariki, mama alihama na cherehani yake na masanduku mawili ya vitambaa, akapewa chumba cha nyuma chenye dirisha kubwa, maana kiziwi na mwanga ni ndugu: bila mwanga hakuna mazungumzo. Alikuwa mama mfupi, mwenye mabega ya mtu aliyeshona maisha yake yote, na hana dogo. Alimpenda mkwewe, lakini alisema wazi kwamba kijana huyo anaongea lugha ya alama kama mtu aliyevaa glavu.

Basi ikatokea mwaka ule mwandishi mmoja wa riwaya akarudi mjini. Alikuwa ameishi ugenini miaka mingi, akaandika vitabu vilivyosomwa na watu kwenye mabasi na vitandani, na sasa maktaba kuu ilimwomba azungumze jioni tatu, kila wiki jioni moja: ya kwanza juu ya uandishi, ya pili juu ya historia, ya tatu juu ya utambulisho, yaani mtu ni nani na nani anayesema kwamba yeye ni huyo. Chama cha viziwi kikapeleka ujumbe: sisi nasi tunasoma vitabu, tunataka kuja. Mkutubi mkuu, mwanamke mwembamba anayetembea kama anayechelea kuamsha mtoto, akampigia simu Vidole.

Vidole akaja na mwenzake wa kazi, kijana waliyembandika jina la Mzee Kijana kwa sababu alivaa kizibao, alibeba mwavuli hata jua likiwaka, na alikuwa na sauti nzito iliyotangulia umri wake. Wakalimani hufanya kazi wawili wawili: mmoja akisimama jukwaani kuwapa viziwi maneno kwa mikono, mwingine anakaa pembeni, tayari kumpokea akichoka na tayari kuyatia sauti maneno ya kiziwi yeyote atakayeuliza swali.

Siku moja kabla ya jioni ya kwanza, Vidole alimfuata mwandishi kwenye chumba cha wageni cha maktaba. Alimkuta mzee mrefu, mwenye miwani inayomteleza puani kila anapoinamisha kichwa, anakunywa chai iliyokwisha kupoa.

"Shikamoo, mzee. Mimi ndiye mkalimani. Nimekuja kuomba kurasa utakazosoma kesho, nizipitie."

"Marahaba. Kurasa nitakupa," alisema mwandishi, "lakini nakuonya, mimi huwa natoka nje ya karatasi."

"Toka tu, mzee. Ila nijue mlango utakaotokea."

Mwandishi akamtazama, miwani ikateleza, akaisukuma kwa kidole cha kati, akacheka. Kuanzia hapo walielewana.

Jioni ya kwanza ukumbi ulijaa. Viziwi walikaa safu mbili za mbele upande wa kushoto, na mama yake Vidole katikati yao, amevaa gauni la buluu aliloshona mwenyewe, mkoba juu ya magoti. Vidole alisimama hatua chache kutoka kwa mwandishi, amevaa nguo nyeusi zisizo na ua wala nakshi, hana pete wala rangi ya kucha, ili mikono ionekane. Taa moja ilielekezwa kwake.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka mwandishi alipofika kwenye sauti. "Kila mwandishi hutafuta sauti yake," alisema. "Mimi yangu niliipata nikiwa na miaka arobaini." Vidole aliduwaa kidogo. Angetumia alama ya sauti ile ya kooni, viziwi wangedhani jamaa alikuwa bubu mpaka ukubwani. Haraka haraka akaibadilisha: kila mwandishi hutafuta namna yake ya kusimulia, ambayo ukiiona tu unasema, ah, huyu ni fulani. Safu za mbele zikatikisa vichwa kukubali. Wamemwelewa.

Na kulikuwa na jambo la vicheko. Mwandishi akitoa utani, wanaosikia wanacheka. Mikono ya Vidole inamaliza, ndipo viziwi nao wanacheka, kicheko cha pili kinachofuata cha kwanza kama mwangwi uliochelewa njiani. Mara ya kwanza mwandishi alishtuka, akageuka kuona nini kimetokea. Mara ya pili akatabasamu. Kufikia katikati ya jioni alikuwa anatoa utani kisha anasubiri, amekunja mikono, kama mtu aliyeagiza vikombe viwili vya chai na ameletewa kimoja.

Mkutano ulipokwisha, mwenyekiti wa chama cha viziwi alimwendea na kumwambia, kwa kinywa cha Vidole, kwamba wameamua kumpa jina. Kwa viziwi hakuna anayejipa jina mwenyewe. Unapewa na wenzako. Mwenyekiti akalionyesha: kidole cha kati kinachosukuma miwani isiyokuwepo.

"Maana yake nini?" mwandishi aliuliza, macho yanang'aa.

"Maana yake ni kwamba miwani yako haitulii," alisema mwenyekiti.

"Basi? Na vitabu vyote nilivyoandika?"

"Vitabu tutavisoma. Jina ndilo hilo."

Mama yake Vidole alicheka mpaka akafuta machozi kwa pindo la mkono. Njiani kurudi nyumbani alikuwa mchangamfu kama msichana, kila wakifika chini ya taa ya barabarani anamsimamisha binti yake, anatoa maoni, kisha wanaendelea mpaka taa nyingine. Mwandishi anajua kazi yake, alisema. Ila anatumia maneno mengi. Angekuwa mshonaji angemaliza kitambaa chote kwenye kola.

Wiki ikapita, jioni ya pili ikafika, ya historia. Mwandishi alifungua kwa kusoma sura ya riwaya yake mpya. Vidole alikuwa amezipitia kurasa hizo nyumbani, akazifanyia mazoezi mbele ya kioo cha kabati, na hakuona neno la kumsumbua. Akapandisha mikono.

"Mama hakuniambia kitu," alisoma mwandishi. "Nilimwuliza bibi alizaliwa wapi, akanipa kitunguu nimenye. Nilimwuliza kwa nini tulihama mji ule, akaniambia viatu vyangu vichafu. Nikakua katika nyumba iliyojaa watu, isiyo na habari."

Na Vidole, kwa kanuni ya kazi, akasema hivyo hivyo kwa mikono na kwa uso: mama hakuniambia kitu. Nilimwuliza. Nikakua katika nyumba isiyo na habari. Alisema vizuri; alikuwa katika siku zake nzuri. Mikono ilimtoka laini, uso umeinama kwa huzuni ya mtoto anayemenya kitunguu asichokiomba.

Safu ya mbele, mama yake akaweka mkoba chini, akasimama.

Haukuwa wakati wa maswali. Mama hakujali. Alinyoosha mkono juu, akautikisa kama viziwi wanavyofanya kumwita mtu, kisha akasema kwa alama kubwa, za mtu anayezungumza kutoka upande wa pili wa barabara:

"Lini uliniuliza?"

Kanuni nyingine ya kazi inasema kila kinachosemwa ukumbini lazima kifike kwa wote, na kule pembeni Mzee Kijana hakuwa mtu wa kuvunja kanuni. Akainua kipaza sauti chake na kwa ile sauti yake ya besi akatangaza:

"Lini uliniuliza?"

Mwandishi aliacha kusoma. Alisukuma miwani. "Samahani, mama. Mimi nilimwuliza mama yangu. Wewe sikuwahi kukuuliza kitu."

Vidole akampa mama maneno hayo. Mama akapunga mkono kuyafukuza.

"Sisemi na wewe, baba. Nasema na huyu aliyesimama hapo," Mzee Kijana akatangaza.

Vidole aliteremsha mikono mpaka chini ya kifua na kuongea kwa alama ndogo ndogo, za haraka, ambazo kwa viziwi ndiyo kunong'ona. Alisahau kwamba mwenzake anaona.

"Mama, tafadhali, kaa chini," besi ikasikika ukumbi mzima. "Hayo ni maneno yake, si yangu. Niko kazini."

"Usininong'oneze mbele za watu," besi hiyo hiyo ikajijibu yenyewe.

Ukumbi ulipasuka. Watu walishika mbavu. Mkutubi mkuu, aliyeishi maisha yake yote akiwanyamazisha watu, alijiziba mdomo kwa ratiba ya mkutano. Hata Vidole, uso umemwiva, alishindwa kujizuia, akacheka mikono ikiwa imening'inia tu.

Mama alingoja kicheko kiishe. Kisha akasema kwa utulivu, alama zake sasa za kawaida, za mezani:

"Najua ni maneno yake. Mimi si mjinga, naijua kazi yako. Lakini umeyasema vizuri mno, mwanangu. Umeyasema kama yako."

Mzee Kijana aliyatoa maneno hayo polepole. Vidole alibaki amesimama chini ya taa, mikono bado chini.

Mwandishi ndiye aliyeokoa jahazi. Alifunga kitabu, akashuka ngazi za jukwaa, akaenda mpaka mbele ya mama na kuinamisha kichwa.

"Mama," alisema, "mimi mama yangu kafa na habari zake zote. Wiki ijayo nitazungumza juu ya mtu ni nani. Nakuomba tukae wote jukwaani. Useme wewe, mimi nisikilize."

Mama alifikiri. "Kuna chai?" aliuliza.

"Ipo."

"Ya moto? Maana ile ya wiki iliyopita ilikuwa maji ya kuoshea vikombe."

Mkutubi mkuu aliahidi, kwa heshima yake yote, kwamba itakuwa ya moto.

Wiki ile Vidole hakuwa na raha, ingawa hakuwa na huzuni pia. Alikuwa kama mtu aliyegundua kwamba nyumbani kwake kuna chumba ambacho hajawahi kukifungua. Alijua presha ya mama yake, namba ya viatu vyake, akaunti yake ya benki na jino linalomsumbua. Yote hayo aliyajua kwa sababu aliyatafsiri. Lakini mama alijifunzia wapi kushona? Alikuwa msichana wa namna gani? Alimwona baba kwa mara ya kwanza wapi? Alipekua kichwa chake chote na hakuona mahali alipowahi kuuliza. Maisha yake yote watu walimwambia, mwambie mama yako. Hakuna aliyemwambia, mwulize.

Kwa upande wa kazi alijaribu njia anayoijua. Alikwenda chumba cha nyuma, akasimama karibu na dirisha mama amwone.

"Mama, mkalimani huomba maneno mapema, ayapitie. Utasema nini?"

Mama hakuinua hata mguu kutoka kwenye kanyagio la cherehani. Alikuwa anashona gauni jipya la rangi ya zambarau, la jukwaani. Aliachia kitambaa kwa mkono mmoja tu, akasema:

"Utasikia pamoja na wenzako."

"Na kama nitashindwa?"

"Yule kijana mwenye sauti ya ng'ombe si yupo?"

Mumewe, alipoelezwa mezani, alitafuna mkate wake taratibu kisha akasema, "Mimi nitafunga duka mapema. Hiyo siikosi."

Jioni ya tatu watu walisimama mpaka nje ya milango. Mwandishi alizungumza kwanza, kwa kifupi kuliko kawaida yake. Alisimulia jinsi alivyokuwa ugenini na kila alipokwenda aliulizwa, wewe ni wa wapi? Na sasa amerudi, muuza magazeti wa kona ile ile aliyokulia anamwuliza, mzee, wewe ni wa wapi? "Nimeandika vitabu kutafuta jibu," alisema, "na juzi watu wa safu ya mbele wamenijibu kwa kidole kimoja. Mimi ni mtu ambaye miwani yake haitulii. Sijapata kuelezwa vizuri hivyo." Kicheko cha kwanza, kisha cha pili. Halafu akamkaribisha mama.

Mama alipanda ngazi akiwa ameshika pindo la gauni, akaketi, akaonja chai, akatikisa kichwa kuikubali. Safari hii kazi iligeuka: Mzee Kijana alisimama chini ya taa kuwapa viziwi maneno ya mwandishi, na Vidole akakaa na kipaza sauti kumtolea mama sauti. Sasa "mimi" itakayotoka kinywani mwake ilikuwa ya mama yake.

Mama aliweka kikombe chini. Mikono ikaanza.

"Mimi nilipelekwa shule ya bweni nikiwa mdogo," Vidole alisema. "Walimu walitaka tuongee kwa mdomo. Mikono ilikuwa marufuku. Darasani ukiisogeza unaambiwa uikalie. Tulikuwa safu nzima ya wasichana tumekalia maneno yetu."

Ukumbini mtu mmoja alivuta pumzi. Vidole hakuwahi kuyasikia haya. Aliendelea, sauti imara, kama alivyofundishwa.

"Bwenini taa zikizimwa tulipeana mikono. Unamwandikia mwenzako kiganjani, yeye anaandika kwako. Tulisengenya walimu wote gizani. Mwalimu wa ushonaji peke yake hatukumsengenya. Yeye alinifundisha kushona bila maneno, kwa kunionyesha, na akaniachia mikono yangu ifanye inavyotaka. Kazi yangu nimeipata kwake. Nikamaliza shule, nikampata mume, mpakaji rangi wa nyumba, mtu mcheshi. Ukimwona anapaka ukuta mwenyewe utadhani anausimulia hadithi."

Mwandishi aliuliza, "Na mtoto?"

Mama alimtazama binti yake aliyekaa pembeni, kisha akautazama ukumbi.

"Nikajifungua msichana," Vidole alisema. "Mkunga akachukua sinia la chuma, akaligonga nyuma ya kichwa cha mtoto. Mtoto akaruka. Anasikia! Shangazi zake wakacheka, wakakumbatiana, wakanikumbatia. Mimi nikageukia ukutani, nikalia. Walidhani ni furaha. Mimi..."

Sauti ilimkauka. Alijaribu tena. Mikono ya mama ilikuwa inaendelea, na yeye aliyaona maneno yote, yamekaa wazi mbele yake. Ila koo halikukubali kuyapitisha. Hakuna kitu.

Mkono ukamgusa begani. Mzee Kijana alikuwa ametoka chini ya taa yake. Mwenyekiti wa chama, aliyekuwa akiyaona maneno ya mama moja kwa moja bila mkalimani, alikuwa amempa ishara ya nenda. Kijana akachukua kipaza sauti kutoka mkononi mwa Vidole kwa upole, kama mtu anayepokea mtoto aliyelala.

Vidole alishuka jukwaani. Safu ya mbele kulikuwa na kiti kimoja kitupu, cha mama. Akakaa. Mwanamke wa kulia kwake, kiziwi, muuza maua, akamshika goti. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, alimtazama mama yake akizungumza na watu wanaosikia bila yeye kuwa na kazi yoyote ya kufanya.

"Niliogopa," besi ya Mzee Kijana ilisema, na ajabu ni kwamba hakuna aliyecheka mama mfupi yule kuongea kwa sauti ya kiume. "Niliwaza, huyu mimi nitamlea, kisha watu wanaosema watakuja kumchukua. Atakuwa mgeni nyumbani kwangu. Nikamwogopa mtoto wangu mwenyewe. Siku moja, bado hajajua kutembea, nilikuwa nashona. Nikageuka, nikamwona kaketi sakafuni ananitazama. Akanyoosha mkono, akaufumba, akaufumbua. Maziwa. Alisema maziwa. Neno lake la kwanza alinipa mimi, kwa mkono, hajawahi kumpa mtu mwingine neno lolote. Nikamwita baba yake kutoka kazini kwa kumpigia jirani kelele aende kumleta, akaja mbio na brashi mkononi, rangi inadondoka njia nzima. Tukamtazama mtoto akisema maziwa mpaka akachoka kutuambia, akalala."

Vidole hakufuta machozi. Hakutaka kuondoa macho kwenye mikono ile hata kidogo.

"Na kwa nini hakukuuliza habari hizi?" mwandishi aliuliza taratibu, na Mzee Kijana akamfikishia mama kwa mkono mmoja.

Mama aliinua mabega. "Angeuliza saa ngapi? Dunia nzima ilikuwa inamtuma kwangu. Mtoto wa watu alikuwa na kazi." Kisha akasema moja kwa moja kwa binti yake, kana kwamba ukumbi umeondoka: "Sasa hivi una nafasi?"

Vidole aliinua mikono yake.

"Ninayo," alisema.

Viziwi hawapigi makofi. Huinua mikono juu na kuipeperusha. Safu mbili za mbele ziliinuka. Nyuma yao wanaosikia walianza kupiga makofi, wakasita, wakatazamana, kisha nao, mmoja mmoja, wakaacha kupiga makofi na kuinua mikono yao, ukumbi mzima ukawa mikono mitupu inayotikisika kimya, na fundi wa mafriji aliyesimama mlangoni akitikisa yake kuliko wote. Mkutubi mkuu alisema baadaye kwamba katika miaka yake yote ya kazi hajapata kuona maktaba ikishangilia kwa adabu namna ile.

Mwandishi aliondoka wiki iliyofuata kwenda kuzungumza miji mingine. Alipita kuaga. Mama alimpima kiuno kwa utepe wake wa kupimia bila kumwomba ruhusa, akampunguzia suruali iliyokuwa inamvuka, wakapeana mikono kwa muda mrefu.

Tangu hapo Vidole anauliza. Anauliza asubuhi mama akitia uzi kwenye sindano, anauliza jioni, anauliza mpaka mama anamfukuza: sasa umezidi, niache nishone, mteja anakuja. Lakini baada ya dakika chache cherehani inasimama, na kiganja kinagonga meza kumwita arudi, maana kuna jambo limekumbukwa.

Jumapili moja, baada ya kula, mama alikuwa anaosha vyombo na Vidole akiwa mlangoni na kikombe chake cha chai. Mama aligeuka, povu limefika viwikoni, akaanza kusimulia jinsi baba alivyomchumbia. Alikuja kupaka rangi nyumba ya jirani, alisema, akapaka ukuta mmoja siku nyingi mno, mpaka mwenye nyumba akaanza kuuliza kuna nini ukutani. Matone yaliruka kila upande, kwenye dirisha, kwenye jiko, kwenye nguo za Vidole. Halafu sahani zikamkumbusha kazi, akageukia sinki, mikono ikazama majini, na hadithi ikakatika pale pale baba alipokuwa ameshuka ngazi na kukaribia uzio.

Vidole aliweka kikombe chini. Akamshika mama mabega, akamsogeza, akampa kitambaa cha kukaushia mikono, akamkalisha kwenye kiti kinachotazama sinki. Kisha akakunja mikono ya blauzi yake, akatumbukiza viganja kwenye povu, akageuza shingo ili aone.

"Haya," alimwambia kwa kidevu. "Akafika kwenye uzio."